Mvumbika Changa Hula Mbovu: Wakati na Ukomavu wa Roho katika Fasihi Yetu

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha darasa la jioni la Kiswahili hapa Bujumbura. Wengi wa wanafunzi wangu walikuwa watu wazima ambao masomo yao yalikatizwa na vita vilivyoanza mwaka 1993. Jioni moja niliwapa swali ambalo sisi walimu wa fasihi tumelizoea mno: waeleze jinsi dhamira ya subira inavyojitokeza katika kazi tulizosoma. Mama mmoja, aliyekuwa amerudi darasani baada ya kukaa nje ya shule kwa miaka kumi na miwili, aliandika mistari michache tu. Alisema kwamba amengoja miaka kumi na miwili, na kama kungoja humkomaza mtu, basi leo angekuwa walii. Kisha akamalizia kwa kuniuliza: "Mwalimu, subira ni kazi au ni kukaa?"

Nilimpa alama chache, kwa hoja kwamba hakujibu swali. Leo nakiri kuwa katika darasa zima yeye peke yake ndiye aliyelitazama swali lenyewe. Wengine walinirudishia maneno yangu mimi.

Makala haya yanakusudia kulichukua swali la mama yule na kulipeleka mbele ya kazi tatu ambazo walimu wa Kiswahili wanazifahamu: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, Utendi wa Mwana Kupona, na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Kazi hizi zote zinamhusu mtu anayejaribu kuitengeneza nafsi yake, au ya mwenziwe, kwa ibada, kwa toba, kwa dua au kwa kutii agizo zito. Zote zinagusa jambo ambalo kila aliyewahi kufunga, kuswali au kusali rozari analijua: matunda ya roho hayaji siku tunayoyataka. Nitajaribu kuonyesha kwamba kazi hizi hazikubaliani juu ya jambo hilo. Kwamba mbili kati yake zinauamini wakati na moja inauharakisha. Na kwamba sisi walimu, kwa kuzifundisha zote chini ya neno moja "subira", tumewanyima wanafunzi wetu kilicho bora ndani yake.

Mbichi na changa

Kabla ya kuingia katika vitabu, yafaa tuanze na lugha yenyewe. Wahenga wametuachia methali mbili zinazofanana kwa umbo na kuachana kwa hukumu. Ya kwanza husema: mvumbika mbichi hula mbivu. Ya pili husema: mvumbika changa hula mbovu. Mwanafunzi wa mjini aweza kudhani kwamba mbichi na changa ni kitu kimoja. Mkulima hakosei. Ndizi mbichi ni ile iliyokwisha kujaa mgombani, ikapata unene wake, ila haijaiva. Ndizi changa ni ile iliyokatwa kabla haijajaa. Hapa Burundi, ambako ndizi za pombe huvumbikwa shimoni na kufunikwa kwa majani ya mgomba, kila mtoto wa shambani anajua kwamba shimo ni lile lile, majani ni yale yale, na siku za kungoja ni zile zile; lakini aliyezika changa atafukua uozo.

Methali hizi zinatufundisha kwamba wakati peke yake hauivishi kitu, na kwamba hata kazi ya mikono haitoshi ikiwa imetangulia wakati wake. Kuna kazi ya kabla ya shimo, nayo ni kupalilia na kuegemeza mgomba. Kuna kazi ya shimo. Baada ya hapo zinafuata siku ambazo mkulima hana la kufanya ila kujizuia asifukue kila asubuhi kutazama. Kujizuia huko nako ni tendo, na pengine ndilo tendo gumu kuliko yote.

Sarufi yetu inasema vivyo hivyo. Vitenzi tunavyovitumia kwa mabadiliko ya ndani ni kukua, kukomaa, kuiva, kuamka, kufunuka. Vyote hivi vinaeleza jambo linalompata mtendaji mwenyewe, havipokei yambwa. Nikimtikisa mwenzangu aliyelala, kutikisa ni kwangu, lakini kuamka ni kwake. Mwalimu, sheikh, padre au mzazi huishia katika kutikisa.

Tena ni vyema tukumbuke kwamba Warundi husema buhorobuhoro ni rwo rugendo, na Waswahili husema polepole ndio mwendo. Methali mbili za lugha mbili, na zote mbili zimechagua neno la safari. Anayekwenda polepole anakwenda. Aliyekaa kando ya njia hakutajwa katika methali hizi.

Adili na usiku wake

Adili na Nduguze, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1952, imesomwa na watoto wengi wa Afrika Mashariki. Habari yake yajulikana. Adili, liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu, ana manyani wawili ambao kila usiku hana budi kuwapiga mijeledi. Mfalme anapotaka kujua sababu, tunaambiwa kwamba manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini pamoja na mchumba wake Mwelekevu kwa sababu ya kijicho. Huria, binti wa kijini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyewageuza, naye ndiye aliyeamuru mapigo ya kila usiku.

Wahakiki wengi wamesifu kitabu hiki kwa maadili yake. Mimi nakisifu kwa jambo moja hasa, nalo ni usiku wa Adili. Anawapiga ndugu zake kwa kuwa ameagizwa, huku akilia. Akishamaliza anawalisha na kuwatuliza. Usiku wa pili vile vile, na wa tatu vile vile. Hakuna anayemwona, na hakuna anayemwahidi kwamba mambo yatakwisha. Hapa Shaaban Robert amechora sura ya ibada kwa namna isiyo na mfano katika hadithi zetu: tendo linalorudiwa, zito kwa mtendaji, lisilo na tarehe ya mwisho. Msomaji makini ataona kwamba tendo hili linamkomaza Adili mwenyewe. Mtu ambaye angaliweza kuwa mlipiza kisasi analazimika, kila usiku, kuuona uchungu wa waliomdhulumu, na mwishowe yeye ndiye anayewahurumia kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini tukiuliza habari za Hasidi na Mwivu, kitabu kinatupungukia. Wao ndio walioadhibiwa ili wabadilike. Je, tunawaona wakibadilika? Tunawaona wakipigwa, kisha tunawaona wamesamehewa kwa maombezi ya Mfalme Rai na kurudishiwa ubinadamu wao, na hadithi inamalizika kwa furaha. Kati ya kipigo na furaha kuna nafasi tupu. Mwandishi hakutuingiza katika roho ya Hasidi hata usiku mmoja. Toba yao ni ndizi iliyovumbikwa ikiwa changa, kisha tukaambiwa tule na tusifu utamu.

Kasoro hii inaanzia katika majina. Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina yanayotoa hukumu kabla ya tendo la kwanza: Adili ni mwadilifu, Hasidi ni mwenye husuda, Mwivu ni mwenye wivu. Mhusika wa namna hii hakui, kwa maana jina lake limekwisha kumaliza habari yake. Kama Hasidi ametakasika kweli, tumwiteje katika ukurasa wa mwisho? Simlaumu mwandishi kwa kutumia ngano, kwani ngano ina kanuni zake, na chanzo cha hadithi hii ki katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Ninalolisema ni kwamba mwalimu anayewaambia wanafunzi kuwa kitabu hiki kinaonyesha "mabadiliko ya tabia" anawafundisha kwamba tabia hubadilika kwa amri. Nao, wakijaribu kujibadilisha wenyewe kwa siku thelathini za mfungo wa Ramadhani au arobaini za Kwaresima na wasiweze, watajiona wao ndio wabovu.

Moyo usioamka

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, wakati utukufu wa Pate ulipokuwa umekwisha au unakwisha. Wengi wetu tuliusoma katika chapa ya William Hichens ya mwaka 1939, au ile ya James de Vere Allen ya mwaka 1977. Kwa kawaida tunaufundisha kama utenzi wa mawaidha juu ya ubatili wa dunia. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote.

Tuanze na jina. Neno hili la Kiarabu limetoka katika shina lenye maana ya kufunua, ila kauli yake si ya mtu kukifunua kitu. Ni ya kitu kufunuka. Mshairi hakuuita utungo wake ufunuo alioutoa. Ameuita kufunuka, jambo linalotokea lenyewe wakati wake unapofika. Ukilishika hilo, utaona ajabu ya mpango wa utenzi mzima.

Mshairi hahutubii watu. Anaongea na moyo wake. Anauuliza mbona hauzinduki. Kisha anaupa mifano: dunia ni kama mazigazi yanayomkimbiza mwenye kiu saa ya adhuhuri, ni kama kisima chenye ng'ombe anayempiga pembe kila ajaye kunywa, ni kama vumbi linaloonekana katika mwali wa jua na ambalo mkono haulishiki. Mifano hii ni mizuri, na mtu angedhani yatosha. Moyo hauzinduki. Basi mshairi anausogeza karibu zaidi. Anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate, yaliyokuwa yakiwaka taa usiku kama mchana na kupambwa vyombo vya Kichina, na sasa yamekuwa makao ya popo na ndege wa porini. Bado. Anausogeza karibu tena, mpaka kwa watu wenye majina, mpaka kwa jamaa zake mwenyewe, akiuliza wako wapi. Mwisho anaingia katika moto wa akhera na tabaka zake saba, na hapo utenzi unakoma.

Unakoma bila kutuambia kama moyo uliamka. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba utenzi haukumalizwa, na ni kweli kwamba nakala zake hazilingani kwa idadi ya beti. Labda wana haki. Hata hivyo, sisi tunauhakiki utenzi tulio nao, na utenzi tulio nao ni wa mtu anayeushauri moyo wake kwa uaminifu mkubwa, akienda hatua kwa hatua kutoka mbali hadi karibu, bila kujipa cheti cha kwamba amefaulu. Hakuna ubeti wa mwisho unaotangaza kuwa yeye sasa ni mtu mpya. Ni mara ngapi tumesikia watu wakisimama hadharani na kutangaza hivyo, na mwaka haukupita kabla ya jirani zao kuona vinginevyo! Sayyid Abdallah alikuwa na adabu kuliko hao.

Fani nayo inashuhudia maudhui. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza hubadili vina kutoka ubeti hadi ubeti. Wa nne hurudi daima kwenye kina kile kile. Sikio la msomaji linatembezwa huku na huko, kisha linarudishwa nyumbani, kama kidole kinavyorudi kwenye punje ya kwanza ya tasbihi. Utenzi huu si maelezo ya zoezi la kiroho. Kuusoma kwa sauti, ubeti baada ya ubeti, ni zoezi lenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi anayepewa muhtasari wake ubaoni hapati kitu.

Karatasi na wino

Kazi ya tatu inatoka katika kisiwa hicho hicho. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyefariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona alitunga utendi wa beti 102 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima, naye akafariki dunia yapata mwaka 1860. Mwanzoni mwa utendi anamwita binti yake aje na wino na karatasi, na anaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima asipate kumwambia neno jema.

Tumekuwa tukipita juu ya maneno hayo kama kwamba ni mlango tu wa kuingilia katika mawaidha. Mimi naomba tusimame hapo. Mama huyu alikuwa na mambo ya kumwambia mtoto wake. Mwaka mzima hakuyasema. Maradhi ndiyo yaliyomzuia, lakini mwaka ule haukupotea. Maneno yalipotoka yalitoka yamepangwa, yakiwa na mizani na vina, kutoka kumcha Mungu na Mtume wake hadi heshima kwa baba, mama na mume, na kutoka nasaha za nyumbani hadi dua ndefu kwa ajili ya watoto, jamaa na nafsi yake mwenyewe mgonjwa. Alipougua alinyamaza, alipoweza alinena, na alipomaliza kunena aligeukia dua, kana kwamba anakiri kuwa yaliyobaki hayamo mikononi mwake.

Tena tumfikirie msikilizaji. Mwana Hashima alikuwa kijana. Nasaha nyingi za mamaye zilihusu maisha ambayo bado hakuyaishi. Angewezaje kuzielewa? Mama hakungoja binti akue kwanza, maana alijua huenda yeye mwenyewe asiwepo. Wala hakumlazimisha aelewe papo hapo. Alimpa kitu kinachoweza kuhifadhiwa kichwani. Vina vinavyorudi na mizani mifupi ya utendi ni chombo cha kubebea maneno mpaka siku yatakapohitajiwa. Mtoto wa chuoni hufanya hivyo hivyo: huhifadhi kwanza, maana humfikia baadaye, pengine baada ya miaka ishirini, akiwa amesimama makaburini au anambeba mtoto wake wa kwanza. Malezi ya namna hii yanauamini wakati kuliko mitihani yetu inavyouamini.

Sikubaliani na kila nasaha iliyomo. Utiifu ambao mke anatakiwa kuuonyesha kwa mumewe umepingwa na wasomaji wengi, nami naona wana haki ya kuupinga. Lakini kupinga nasaha ni jambo moja, na kutouona ujuzi wa mama anayepanda mbegu katika shamba ambalo hatalivuna ni jambo jingine.

Hoja ya wapinzani

Hapana budi kuikabili hoja nzito iliyotolewa mara nyingi dhidi ya fasihi ya namna hii. Katika miaka ya 1970 wahakiki wengi wa Afrika Mashariki walizipima kazi za sanaa kwa mizani ya matabaka. Walisema kwamba kumhubiria mnyonge subira ni kumfanya akubali kunyonywa, na kwamba maneno ya akhera huwafaa wenye nguvu wa dunia hii. Hoja hii haiwezi kutupiliwa mbali, hasa katika nchi kama yetu ambayo watu wake wameambiwa mara nyingi mno wangoje.

Tutazame mfano mmoja wa kweli, unaoanzia ng'ambo ya ziwa letu. Yahya bin Abdallah, ambaye watu wa pwani walimwita Sheikh Ramiya, alitoka Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, akafikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Huko alisoma, akafundisha, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa masheikh wenye kuheshimiwa sana katika Tanganyika. Ni rahisi kuigeuza habari hii kuwa hadithi tamu: alivumilia, na wakati wake ukafika. Je, tuseme kwamba utumwa ulikuwa shimo alimovumbikwa ili aive? Hasha. Utumwa ulikuwa dhuluma, na wengi waliopita njia ile ile walikufa bila jina. Kilichomkuza ni kile alichokifanya ndani ya wakati ambao wengine walimpora: kisomo, nyiradi, dhikiri, na kufundisha. Wakati haukumpa kitu asichokifanyia kazi, na dhuluma haistahili kushukuriwa kwa matunda yake.

Hapa ndipo tunapoweza kutenganisha maneno ambayo tumeyachanganya. Kungojeshwa ni jambo tunalofanyiwa na wenzetu, na yafaa kulipinga. Kusubiri ni jambo tunalolifanya sisi wenyewe, kwa tendo linalorudiwa, huku tukiacha siku ya mavuno isiwe juu yetu kuipanga. Wahakiki wa matabaka walilipiga vita la kwanza, na walifanya vyema. Ila mara nyingine walilipiga la pili kwa fimbo hiyo hiyo. Na sisi walimu tumewapa sababu, kwa kuwa tumeandika "subira" ubaoni bila kuuliza nani anangoja, nani aliyemngojesha, na anafanya nini katika kungoja kwake.

Tunayoyaona karibu

Mwalimu wa Bujumbura hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Kiswahili kimesemwa katika mji huu tangu ulipoitwa Usumbura, na mtaa wa Buyenzi ndio uliokuwa kwa muda mrefu makao yake makuu. Ukipita Buyenzi mwezi wa Ramadhani utakuta watoto wanaofunga hadi adhuhuri tu. Hakuna mzazi anayesema kwamba mtoto huyo ameshindwa kufunga. Mwaka huu adhuhuri, mwaka ujao alasiri, mpaka siku moja anafika magharibi pamoja na wakubwa, na wala haikumbukwi ilikuwa siku gani. Anayemlazimisha mtoto wa miaka mitano afunge kutwa anavumbika changa. Anayemwacha bila zoezi lolote mpaka awe mtu mzima anangoja ndizi iive bila ya mgomba.

Mtaa huo huo una funzo jingine. Wakati wa vita, sehemu nyingi za mji wetu zilipogawanyika, Buyenzi ilijulikana kuwa mahali ambapo Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi pamoja, na watu waliokimbia kwingine walipata hifadhi humo. Sisemi kwamba sala peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Ujirani, ndoa na lugha moja vilikuwa na sehemu yake. Ninalosema ni kwamba ukarimu ule haukuanza siku mlango ulipobishwa. Ulikuwa umekomaa polepole katika miaka ambayo hakuna aliyeuona, katika futari zilizopelekwa kwa jirani na mazishi yaliyohudhuriwa na wote. Siku ilipowadia, ulikuwapo. Ukomavu wa roho huonekana siku unapohitajiwa, na siku hiyo ni nadra sana kwetu sisi kuichagua.

Mwisho

Ndugu zangu walimu, napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuache kuuliza "dhamira ya subira" kama kwamba ni kitu kimoja katika kila kitabu. Tuwaulize wanafunzi ni nani anayengoja, ni tendo gani analolirudia, na kama mwandishi ametuonyesha mabadiliko au ametutangazia tu. Kwa kipimo hicho Adili na Nduguze itabaki kitabu kizuri, lakini wanafunzi wataweza kuona penye pengo na kulizungumza. Pili, turudishe kuhifadhi na kusoma kwa sauti. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimezidi kuingia katika shule zetu, na kila mwaka tunaharakishwa kumaliza muhtasari. Beti kumi zilizokaa kichwani mwa mtoto zina thamani kuliko utenzi mzima uliofupishwa kwa nukta tano. Tatu, tusitoe alama kwa wepesi juu ya mambo ya ndani ya mtu. Tunasahihisha insha, hatusahihishi roho.

Na yule mama? Leo ningemjibu hivi. Ile miaka kumi na miwili aliyoitaja haikuwa subira. Ilikuwa ni miaka aliyoporwa, na mwalimu yeyote anayemwambia kwamba ilikuwa kwa faida yake anamwongezea dhuluma. Lakini jioni zile alizokuwa akija darasani baada ya kazi za kutwa, akakaa miongoni mwa watu wadogo kwake, akaandika herufi zake taratibu bila kujua kama zitamfikisha popote, zile zilikuwa subira. Ilikuwa ni kazi. Mimi nilikuwa mbele yake kila jioni na sikuitambua, kwa sababu nilikuwa nimegeukia ubao nikiandika neno hilo hilo.